Gololi, Moto na Subira: Habari za Beringi za Pikipiki katika Mbeya na Iringa

Habari za Nyanda za Juu Kusini zimeandikwa na wengi, na aghalabu zimeandikwa kwa mpango mmoja: kwanza Mkwawa na ngome yake ya Kalenga iliyoanguka mwaka 1894, kisha Wadachi, kisha Waingereza, kisha dhahabu ya Lupa, kisha barabara na reli; na katika maandiko hayo yote, mtu aliyeinama juu ya injini iliyofunguliwa, mikono imelowa mafuta ya taa, akiigeuza beringi moja kati ya vidole vyake ili aamue kama itarudi kazini au itatupwa, hatajwi hata kwa mstari mmoja. Upungufu huo mimi nauona mkubwa. Nchi ya milima kama hii, ambayo mji wake mmoja umekaa katika kimo cha mita 1,700 hivi na mwingine karibu 1,600, haikuunganishwa na barabara peke yake. Iliunganishwa na vyombo vilivyopita juu ya barabara hizo, na vyombo viliendelea kwenda kwa sababu walikuwapo watu waliojua kukipa chuma kilichochoka umri wa pili.

Beringi, kwa asiyeijua, ni bangili mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake zimepangwa gololi au rola ndani ya kizimba chembamba, ili mhimili unaozunguka usisuguane na kasha linaloushika, bali uviringike. Katika injini ya pikipiki ya silinda moja mahali pa kazi hiyo si pengi: ziko beringi mbili kubwa zinazoshika krenki kulia na kushoto, zipo rola zinazoizunguka pini ya krenki chini ya konrodi, iko bushi ya shaba juu, pale pini ya pistoni inapopita, na ziko nyingine ndogo katika sanduku la gia. Injini ikienda mizunguko 4,000 kwa dakika, krenki hugeuka zaidi ya mara 60 katika kila sekunde, na kila mlipuko wa petroli huzishindilia beringi zile kwa kishindo. Kwa hiyo punje moja ya mchanga wa njia ya Chunya, au umande uliojikusanya ndani ya kasha katika usiku wa baridi wa mwezi Julai, watosha kuanzisha jeraha ambalo halitapona. Sijui sehemu nyingine ya injini ambayo ubovu wake hujificha hivyo, wala ambayo uzima wake hutegemea hivyo insafu ya yule anayeitazama.

Watu wa nchi hizi hawakungoja pikipiki ndipo wajue tabia ya chuma. Wanyiha wa Mbozi, na Wafipa upande wa magharibi, waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, na tanuri za Wafipa zilipita kimo cha mtu. Kazi hiyo ilidumu mpaka ndani ya karne ya ishirini, ikafifia mbele ya majembe rakhisi yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mhunzi wa zama zile alisoma joto kwa rangi ya chuma, akasoma ubora wake kwa mlio chini ya nyundo. Fundi wa gereji hakurithi mvukuto wala fuawe ya mhunzi, walakini elimu hizo mbili, ya rangi na ya mlio, ndizo alizozihitaji kuliko zote.

Pikipiki ziliingia kwa vita. Mwaka 1916, majeshi ya Uingereza na ya Afrika Kusini yalipoivamia koloni ya Wadachi, kikosi cha wapanda pikipiki wa Afrika Kusini kilikuwa miongoni mwao, na mwezi wa Agosti mwaka huo Iringa ikatwaliwa na jeshi la Jenerali Northey lililopanda kutoka Nyasa. Amani iliporejea, dhahabu ikavuta watu: Mbeya ikaanzishwa mwaka 1927 kuwa mji wa wachimbaji wa Lupa, na Uingereza ilipoacha kipimo cha dhahabu mwaka 1931 bei ikapanda, wachimbaji wakazidi, na toka mwaka 1932 ndege za Imperial Airways zilizokwenda Cape zikawa zinatua Mbeya. Barabara Kuu ya Kaskazini, inayotoka Rhodesia ya Kaskazini ikapita Tunduma, Mbeya na Iringa hadi Dodoma, ikawa njia ya malori. Na malori ndiyo yaliyokuwa chuo cha kwanza cha mafundi wetu.

Malori ya zama hizo, mathalan Chevrolet, hayakuwa na gololi katika krenki. Yalikuwa na beringi za kumiminwa, za madini meupe yaliyochanganywa bati, shaba na antimoni, mchanganyiko aliouvumbua Mmarekani Isaac Babbitt mwaka 1839. Uzuri wa madini hayo ni kwamba hayakufa: beringi ikilika, fundi huyeyusha yaliyobaki, huyasafisha takataka zinazoelea juu, huongeza kidogo, huimimina tena palepale, kisha huupaka mhimili masizi membamba, huuzungusha, na kila mahali masizi yalipogusa hupakwangua kwa kisu cha chuma, hugusisha tena, hukwangua tena, mpaka masizi yaenee sawa juu ya uso wote. Kipimo cha nafasi ya oili kilikuwa sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi moja ya unene wa mhimili. Aliyeweza kufika hapo kwa kisu na masizi alikuwa amekwisha pata nusu ya ufundi wote wa injini, na nusu iliyobaki ilikuwa ni subira.

Gololi nazo zilikuwa na safari yao. Zilijulikana tangu zamani, ila zilikuwa hazilingani, na katika gololi kumi zisizolingana ile iliyo kubwa hubeba mzigo wa zote. Tiba ikapatikana Schweinfurt, Ujerumani, mwaka 1883, Friedrich Fischer alipotengeneza mashine ya kuzisaga zikawa na kipimo kimoja. Mwaka 1907 Sven Wingquist akaanzisha kampuni ya SKF huko Göteborg, Uswidi, ambayo jina lake mafundi wetu wamelitamka kwa heshima kwa miaka mingi. Jinsi kitu hiki kidogo kilivyo kikubwa, vita vya pili vya dunia vilidhihirisha: Wamarekani waliushambulia mji ule ule wa Schweinfurt kwa sababu ya viwanda vyake vya beringi, na katika siku moja tu, tarehe 14 Oktoba 1943, wakapoteza ndege 60.

Vita vilipokwisha, pikipiki za Kiingereza zikapanda milimani. BSA M20, iliyokuwa imebeba matarishi wa jeshi, ilikuwa na silinda moja ya karibu sentimita 500 za ujazo, na konrodi yake ilizunguka juu ya rola. Mwaka 1948 ikafuata BSA Bantam, ndogo, ya mapigo mawili, ambayo umbo lake lilichukuliwa kutoka DKW ya Wajerumani kuwa sehemu ya fidia ya vita. Katika mashamba ya chai ya Mufindi na tumbaku ya Iringa, katika misheni na maofisi ya jimbo, chombo cha namna hii kilikuwa mali kubwa, na beringi yake haikupatikana kwa kuitaka tu. Iliagizwa, ikavuka bahari, ikapanda milima kwa lori, na mwenye pikipiki akangoja. Wakati huo ndipo Ifunda, kusini ya Iringa, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wakati wa vita, palipogeuzwa kuwa skuli ya ufundi. Vijana waliotoka Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na baadaye walitawanyika katika karakana za nchi nzima, wakichukua tabia ambayo mtu hawezi kuijua ila amefundishwa: kupima kwanza, kugonga baadaye, na kugonga haba.

Sasa niieleze kazi yenyewe, maana ndani yake ndimo ilimo historia ambayo vitabu vimeiacha.

Kutoa beringi ndiko kunakoipambanua mikono. Kasha la injini ni la alumini na beringi ni ya chuma, na alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa haipigi beringi, bali hulitia kasha joto. Hulimwagia maji yanayochemka, au huliweka juu ya bamba la chuma lililokaa juu ya jiko la mkaa, hulingoja, hulidondoshea tone la maji, na tone likichachatika na kukimbia hulipindua kasha na kuligonga kidogo juu ya ubao, na beringi hudondoka yenyewe. Mwenye haraka huchukua patasi na nyundo kasha likiwa la baridi, na hapo hutenda kosa ambalo halionekani siku ile: pigo hupita katika bangili ya ndani, hupita katika gololi, hushuka kwenye njia ya bangili ya nje, na kila gololi huacha kidimbwi chake, beringi iliyokuwa nzima ikaharibiwa na mkono uliokuja kuiokoa. Ipo na beringi iliyozama katika tundu lisilo na upande wa pili, ambayo haiwezi kusukumwa wala kushikwa. Hii fundi hulijaza tundu lake grisi mpaka pomoni, kisha hutia fito la chuma linaloenea barabara katika bangili ya ndani, akaligonga, na grisi, kwa kukosa pa kwenda, huisukuma beringi itoke. Hila hii yanipendeza kupita zote, kwa kuwa haina gharama ila akili.

Ikishatoka huoshwa kwa mafuta ya taa, mara ya kwanza katika chombo cha uchafu, mara ya pili katika chombo safi, kwa burashi, wala si kwa tambara linaloacha nyuzi. Kisha hukaushwa kivulini bila kuzungushwa. Vijana wa leo wenye mashine ya upepo hupenda kuipulizia mpaka ilie king'ora, wasijue kuwa gololi kavu zikizunguka kwa kasi ile hujichubua zenyewe. Baada ya hapo hudondoshewa oili nyepesi, na hukumu huanza. Jicho hutafuta rangi: manjano iliyoiva au samawati ni alama ya joto lililopita kiasi, na chuma cha beringi, ambacho kina kaboni kiasi cha asilimia moja na kromi kiasi cha asilimia moja na nusu, kikishapoteza ugumu wake kwa moto hakirudishiwi na fundi yeyote. Jicho hutafuta pia kutu na vidonda katika njia ya gololi. Kidole huigeuza bangili polepole mno, kikisikiliza ukwaru. Mkono huijaribu juu na chini, ambako uchezo haupasi kuhisika, na pembeni, ambako uchezo kidogo ni wa asili wala si ila. Mwisho huja sikio, ambalo kwa fundi aliyebobea hutambua gololi moja mbovu kati ya nane, kama malenga anavyoitambua mizani iliyopungua katika ubeti aliosomewa na mwingine.

Hukumu haikuwa moja kwa beringi zote. Iliyofaulu mitihani yote ilirudi katika krenki. Iliyokuwa na uchezo mdogo bila kidonda iliweza kushushwa daraja, ikatumika pasipo kishindo. Iliyojeruhiwa haikurudi kabisa katika injini, bali ilikwenda chini ya kigari cha mbao cha watoto au cha mbeba maji, na huko ilizunguka miaka mingi kwa kelele na kwa salama.

Rola za konrodi zilitaka tadbiri nyingine. Mlipuko huisukuma pistoni chini daima katika nafasi ile ile, na kwa hiyo pini ya krenki hulika upande mmoja, upande wa pili ukabaki mzima. Katika Bantam, ambayo oili yake huja imechanganywa na petroli na pini yake haina tundu la oili, fundi aliweza kuitenganisha krenki kwa shindikizo, akaigeuza pini nusu duara ili upande mzima upokee mzigo, akatia rola zilizo nene zaidi kwa sehemu moja au mbili za elfu ya inchi, akaibana tena. Kisha ilibaki kazi ya kuinyosha: krenki hutundikwa baina ya ncha mbili, huzungushwa, mshale wa kipimo hutazamwa, na gurudumu lililopotoka hupigwa kwa nyundo ya shaba, pigo moja, kisha kipimo, kisha pigo. Mara nyingi sana kazi hii huharibiwa na pigo la mwisho, lile ambalo halikuhitajiwa.

Kurudisha beringi ni kurudia njia ile ile kwa kinyume. Kasha hutiwa joto. Na beringi inayokaa kwa nguvu juu ya mhimili hutiwa katika oili ya moto, imening'inizwa kwa waya isiguse sakafu ya sufuria, kwa maana huko ndiko moto ulikozidi na ndiko uchafu ulikotuama, na hadhari ya watengenezaji ni kwamba joto lisivuke digrii 120. Husukumwa kwa bangili ile inayobana, kamwe si kwa ile nyingine. Na likiwa tundu la kasha limelegea, hapa nina neno la ukali: kutoboatoboa ukuta wa tundu kwa ncha ya chuma ili uvimbe uishike beringi ni udanganyifu, kwa kuwa vilele vile hulala baada ya safari chache, na beringi huzunguka pamoja na bangili yake ya nje na kulila kasha. Utepe wa bati la mkebe wa maziwa ni afadhali kidogo. Dawa ya haki ni kulipeleka kasha kwenye kerezo, tundu likapanuliwa na kuvishwa pete.

Maarifa haya yote yangebaki ya mashamba na misheni, lau si mambo yaliyofuata. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, Zambia ikakatiwa njia ya kusini, na mapipa ya mafuta yakaanza kupanda mlima wa Kitonga na kupita Iringa na Mbeya juu ya malori, katika barabara ambayo madereva waliiita ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Kwa muda mfupi ilionekana kama kwamba dhiki ya vipuri imekwisha. Haikwisha, ilikuwa ndiyo kwanza inakuja. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na fedha za kigeni zikaadimika hata maduka ya RTC, kampuni za biashara za mikoa, yakawa na rafu tupu. Mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, mwenye shehena ya spea ndani alikuwa na hofu kuliko asiye nayo.

Na katika miaka hiyo hiyo taifa liliielekea mikoa hii kwa chakula. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo iliyotegemewa kwa mahindi, na aliyefikisha mbegu na maelekezo kijijini alikuwa bwana shamba juu ya pikipiki. Mpango wa maji uliofadhiliwa na Danida katika Iringa, Mbeya na Ruvuma nao ulitaka watu wa kuzifuata mashine na mabomba huko vijijini. Pikipiki ikilala kwa beringi moja, kata nzima ilikosa huduma. Hapo ndipo hesabu ya namba ikawa mali ya kila fundi: kwamba katika 6304 tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa tano hutoa tundu la milimita 20, kwamba 6205 ina tundu la 25, ilhali kwa nje zote mbili ni milimita 52 na unene wake ni 15, hata mwenye kerezo aweza kuivisha 6205 mhimili wa 6304 kwa pete ya katikati, kwamba namba ya beringi ni ile ile Mbeya na Uswidi, na hivyo mota ya umeme iliyoungua yaweza kumpa mwenye pikipiki kile alichokikosa dukani. Fundi mwenye hadhari alitazama pia alama ya C3 baada ya namba, inayoonyesha nafasi zaidi ndani, maana beringi ya mota ya umeme isiyo na nafasi hiyo hubana injini inapopata moto.

Baadhi ya watu hukumbuka miaka ile kwa aibu, wakidhani kutumia tena beringi kuukuu kulikuwa alama ya ufukara peke yake. Mimi sikubaliani nao. Ufukara ulileta haja, lakini haja peke yake hailei sikio. Wengi walikuwa na haja, na wachache tu ndio waliofunga injini ikaenda.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza uagizaji wa bidhaa, mwaka 1986 mlango ukafunguka zaidi, na katika karne hii pikipiki za Kichina zikaenea. Nyingi zina injini iliyofuata mfano wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo iliundwa makusudi kwa nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na matunzo huchelewa. Mwaka 2010 kanuni za leseni za pikipiki za abiria zikatolewa, na bodaboda ikawa kazi ya maelfu. Beringi mpya sasa hupatikana Mwanjelwa, Mbeya, na Iringa mjini kwa bei ambayo bwana shamba wa mwaka 1982 asingeisadiki, na kijana akifungua injini huitupa ya zamani bila kuitazama. Kwa injini ya kubeba abiria simlaumu: uhai wa mtu haupimwi na bei ya gololi. Ila sokoni mumo humo zimejaa beringi bandia zenye majina makubwa, zenye kizimba kilegevu na ukwaru tangu ndani ya karatasi yake, na mwenye kuzitambua ni yule yule anayejua kuipima ya zamani kwa kidole na kwa sikio. Kipimo ni kile kile, na patasi juu ya kasha la baridi huua beringi mpya kama ilivyoua ya kale.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa chuo cha ufundi cha VETA Iringa na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya wawatafute wazee waliofunga BSA na Bantam, na wale waliozitengeneza pikipiki za mabwana shamba katika miaka ya dhiki, wawaulize mambo mahsusi: waliacha nafasi kiasi gani, walijuaje joto la oili bila kipimo, namba zipi walizibadilisha kwa zipi, na ipi waliikataa ijapokuwa mwenye chombo aliwabembeleza. Kazi hiyo haitaki fedha nyingi. Yataka daftari, mchana wa Jumamosi kadhaa, na ujira wa haki kwa mzee anayesimamisha shughuli zake ili afundishe.